Sahani ya Kurwa

Palikuwa na mji, na kama hapakuwa basi waliokaa ndani yake walikuwa wakijidanganya, ambao nyumba zake zilijengwa mbili mbili, kila moja ikiitazama mwenzake ng'ambo ya barabara. Mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha. Dirisha la huku likipata ufa, fundi wa Baraza alikuja na nyundo yake, akabisha hodi kwa adabu, akalipasua la kule kwa ufa ule ule. Saa ya mnarani haikuwa na mishale. Jua lilisimama pale kengele ya Ukumbi ilipoliambia lisimame, na watu walikula chakula cha mchana hata kama kulikuwa na umande bado. Mgeni angecheka, lakini wageni hawakuwa wakija.

Mji ule ulitawaliwa kwa sentensi. Haya si mafumbo. Sentensi zenyewe zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu pale aliyenyonyeshwa nayo. Hakuna aliyeweza kuombea maji kwa Kiingereza wala kumbembelezea mtoto, ila mtoto wa darasa la pili aliweza kukuonyesha sentensi mbovu imeoza wapi. Kila sentensi ilikuja na sehemu iliyopigwa mstari, na chini yake majibu matano. Jibu la kwanza siku zote liliiacha sentensi kama ilivyo. Yaliyobaki yaliigeuzageuza. Sheria za kusahihisha zilikuwa mbili. Moja ni ya njeo: jambo lililopita lisemwe limepita, lisirudi kuketi na mambo ya leo. Nyingine ni ya usambamba: vitu vinavyofuatana katika sentensi moja vivae sare, cha kwanza kikija na kanzu cha pili kisije na kaptura. Kwa sheria hizo mbili Baraza liligawa maji, likapanga masoko, likafungisha ndoa, na hasa hasa likasimamia vilio.

Maana katika mji ule watu walichukuliwa. Aliyechukuliwa hakutangazwa amekufa, wala hakutangazwa yu hai. Hakutangazwa chochote. Badala yake, mara moja kila mwaka, nyumba yake iliitwa Ukumbini ikapewa sentensi moja yenye jina lake, na ndugu mmoja akaketi kuisahihisha. Akiipata, nyumba ilipewa cheti cha kulia, ikatandika majamvi, ikaomboleza. Akiikosa, alirudi nyumbani na macho makavu kungoja mwaka mwingine. Nyumba iliyolia bila cheti ilibomolewa, na ile inayoitazama nayo ikabomolewa, kwa ajili ya usambamba. Hivyo watu wakajifunza kumeza.

Doto alikuwa na sentensi ya dada yake pacha, Kurwa. Alikuwa ameikosa kila mwaka, na mji mzima ulimjua kwa hilo. Walimwita mzito wa kichwa, lakini walimwita hivyo kwa huruma.

Hakuwa mzito. Kurwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha, enzi zile, wawili wamelala chali sakafuni, karatasi imeinuliwa juu ya nyuso zao. "Soma kwa sauti," Kurwa alikuwa akimwambia. "Macho waongo. Ulimi ukijikwaa, kosa liko hapo hapo." Kurwa alimtangulia kuzaliwa kwa muda wa maji kuchemka, na muda huo aliutumia maisha yake yote kujifanya mtu mzima. Na hakumaliza chakula chake hata siku moja. Tonge la mwisho alilifinya, akaliweka ukingoni mwa sahani, akalisukuma kwa kidole kuelekea upande wa Doto. Ndiyo desturi ya mapacha wa mji ule: aliyetoka kwanza hula akabakiza, kumwomba radhi mwenzake kwa kumwacha peke yake mle gizani. Doto alikuwa akililalamikia kila siku, kwamba tonge lenyewe limepoa, kisha akilila.

Kurwa alipokua, Baraza lilimwajiri atunge maswali, kwa kuwa hakukuwa na aliyemzidi. Akatunga. Halafu siku moja, katika kikao, aliinua mkono akauliza watu wa kwenye sentensi hizi wako wapi. Hiyo ndiyo siku ambayo hakurudi.

Magharibi ya siku ile mama yao alipika ugali na mchicha, akapakua sahani mbili, maana tangu wazaliwe hakuwahi kumpa mmoja bila kumpa mwingine. Yeye mwenyewe alikula sufuriani, kama alivyozoea. Sahani ya Kurwa ikalala mkekani imefunikwa kawa. Asubuhi ilikuwa nyeupe, haina hata chembe. Kesho yake vivyo hivyo. Doto aliitazama ile sahani safi, akamtazama mama yake anayechochea moto, akajiambia: maskini, anakula usiku ili mimi nidhani Kurwa amekula. Akaamua kutosema kitu. Kutosema huko kukawa nguzo ya nyumba.

Tangu hapo alipoketi Ukumbini alichagua jibu la kwanza. Sentensi ilisomeka hivi, ukiitoa kwenye Kiingereza chake: mwaka ule wa mvua nyingi, Kurwa anakula na Doto alikula. Kosa lake lilionekana hata kwa kipofu. Ukishasema "mwaka ule", umefunga mlango wa nyuma, hakuna wa leo anayeweza kupita, na wawili wale lazima wavae sare. Jibu sahihi lilikuwa la pili: Kurwa alikula na Doto alikula. Basi. Alama moja ya penseli, na dada angekuwa ameshakula, amemaliza, ameondoka. Doto alitia alama kwenye jibu linaloiacha sentensi kama ilivyo, na Kurwa akaendelea kula.

Anakula, Doto alijisemea. Nani amesema hali? Mimi nimeona sahani. Mtu ni nini kama si yule ambaye mwingine bado anamsema hivyo, anakula, analala, anachelewa, anakuja? Ukimwambia "alikuwa", umemtia jiwe mguuni. Lakini je, ni mimi ninayemshika asizame, au ni mimi ninayemshika asitoke? Kurwa, ulimi wangu haujikwai tena. Nimeizoea sentensi mbovu mpaka naisikia tamu.

Nyumbani mle Kurwa hakuonekana, ila nyumba ilimpa nafasi. Ndara zake ziligeuka zenyewe, mara zinatazama mlango, mara zinatazama ndani. Harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka ilipita barazani saa ambazo hakuna mtu. Mara nyingine Doto akijibu swali la mama yake alijisikia anajibu kwa sauti isiyokuwa yake, nzito kidogo, ya mtu aliyezaliwa mapema. Majirani walikwishachanganyikiwa. Walianza kumwita mama yao Mama Doto, wakidhani wanampunguzia uchungu, naye hakuitika. Wakarudi kwenye Mama Kurwa, akaitika, na kila alipoitika jina likaingia ndani ya nyumba likaketi.

Mwaka huu Doto alirudi kutoka Ukumbini akamkuta mama yake amejiegemeza ukutani, khanga imebana kifuani. Alikuwa amekonda. Kikohozi kilichoanza na masika kilikuwa kimekataa kwenda na masika.

"Umejibu nini leo?" mama aliuliza.

"Kama siku zote, mama."

"Yaani umekosa."

"Nimekosa."

Mama Kurwa alimtazama. Kisha akasema, pole pole, "Doto, wewe hujawahi kuwa mjinga. Nimekuzaa mimi. Niambie kwa nini unakosa."

Doto aliona aibu, akatazama vidole vya miguu yake. "Kwa ajili yako. Unampakulia kila siku. Nikasema, mama bado anamngoja. Mimi nani nimfungie mlango?"

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamdaka, na Doto akamshika mgongo mpaka kikapita. "Mimi?" alisema alipopata pumzi. "Mimi nimechoka mwanangu. Mkono umechoka kupakua. Nilijua siku ile ile. Mama anajua."

"Mbona basi unapakua?"

"Si kwa ajili yako? Nikupakulie wewe peke yako, si utajua nimeshamkatia tamaa? Na asubuhi nikiikuta sahani nyeupe najisemea, mtoto ana huzuni, na huzuni ina njaa, mwache ale. Nikawa naongeza ugali."

Doto aligeuka kuitazama sahani. "Mama, mimi sijaigusa sahani ya Kurwa. Hata siku moja. Nilidhani unakula wewe."

"Nile sahani ya pili? Kwa meno gani?"

Walitazamana. Kule mkekani sahani ilikuwa pale pale, safi, imeoshwa na mtu ambaye hakuna kati yao aliyemnawisha mikono. Mama na binti walikuwa wamekaa miaka yote ile kila mmoja akimlinda mwenzake na habari ambayo mwenzake alikuwa nayo. Ndivyo walivyofundishwa katika mji ule: ukiona mwenzio amevaa hivi, na wewe vaa hivyo hivyo. Hakuna aliyewafundisha kuulizana. Doto aliona hasira, hakujua amkasirikie nani.

"Anakula kila siku na habakishi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Yule mtoto hakuwa mlafi. Mtu anayekula asishibe, Doto, huyo hana raha popote alipo. Kesho rudi. Waombe wakupe tena, ujibu vizuri. Nataka nimlilie mwanangu kabla na mimi sijaliliwa."

Kesho yake Doto alirudi. Ukumbi ulikuwa na madawati mawili mawili, na kila aliyeketi aliwekewa mbele yake dawati tupu. Msimamizi alikuwa Bwana Chande, mtu mnyenyekevu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, aliyewahi kusoma darasa moja na Kurwa. Alimpa karatasi ya pili bila kumwuliza kitu, kwa heshima ya Kurwa, ingawa zamu ya mwaka ule ilikuwa imepita. Penseli ilikuwa imechongwa.

Mwaka ule wa mvua nyingi, Kurwa anakula na Doto alikula. Aliisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa, na safari hii ulimi ulijikwaa. Ulijikwaa vibaya, machozi aliyozoea kuyameza yakamtoka puani. Akaiona sentensi jinsi ilivyo: wawili wameketi mkeka mmoja, mmoja yuko leo, mmoja yuko zamani, na yule wa zamani ni yeye Doto. Alikula. Yeye ndiye aliyemaliza. Yeye ndiye aliyekaa miaka yote bila kuishi siku moja, ili mwenzake asife. Aliishusha penseli kwenye jibu la pili, ncha ikagusa karatasi.

Hapo akainua kichwa. "Bwana Chande, nikijibu hivi, mtatangaza kwamba amekufa?"

"Sisi?" Bwana Chande alionekana kushangaa kweli. "Sisi hatujawahi kusema mtu amekufa tangu mji huu ujengwe. Sisi tunauliza tu, dada yangu. Anayejibu ni ndugu."

"Na aliyemchukua?"

"Hilo halimo kwenye swali."

Alisema hivyo bila ubaya, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Kisha akainama, akashusha sauti. "Jibu tu, uende ukapumzike. Mimi nilimjibia mama yangu mzazi. Nikapewa cheti, tukalia siku tuliyopangiwa, tukanyamaza tulipoambiwa."

"Ikasaidia?"

Bwana Chande alijifuta paji la uso. "Kikombe chake kilikuwa kikinywewa kila siku. Tangu nijibu hakijaguswa tena. Alikoma pale pale." Akafikiri. "Hakuaga, lakini. Nilidhani angeaga."

Doto aliitazama ile ncha ya penseli. Basi ndivyo walivyofanya. Waliwachukua watu, halafu wakamwita mama, mtoto, pacha, wakamkalisha kwenye dawati safi, wakampa penseli iliyochongwa vizuri ili kazi aimalize yeye. Na aliyemalizwa kwa penseli aliondoka kama mtu aliyefukuzwa mezani. Doto aliiweka penseli chini. Hakuchagua jibu la kwanza, hakuchagua la pili. Aliigeuza karatasi kifudifudi, akasimama.

"Bila cheti hamwezi kulia," Bwana Chande alimwambia. "Unayajua ya nyumba yenu, na ya ile inayowatazama."

"Nayajua."

Nyumba iliyowatazama ilikuwa ya Bi Kidawa, mjane asiyeruhusiwa kuitwa mjane, ambaye mumewe Shomari alichukuliwa miaka mingi kabla ya Kurwa. Hakujua kusoma, hakuwa na ndugu wa kumsomea, na sentensi yake ilirudi kila mwaka mbichi kama ilivyokwenda. Doto alimkuta jikoni akimimina chai ya tangawizi kwenye vikombe viwili.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Kifua kinambana. Bi, nimekuja kukuomba jambo kubwa. Tunataka kumlilia Kurwa. Cheti hatuna na hatutakuwa nacho. Wakija kubomoa kwetu watabomoa na kwako. Ukikataa, nitarudi nyumbani na halitasemwa tena."

Bi Kidawa aliendelea kumimina mpaka vikombe vikajaa. "Shomari alipenda chai ya tangawizi," alisema, halafu akasita. "Anaipenda. Wewe umesoma, nisemeje?"

"Sema unavyotaka."

"Anaipenda. Na alikufa. Yote mawili, mwanangu. Ndani ya kichwa changu hayajawahi kugombana." Akaviangalia vikombe. "Hii nyumba imenifaa nini? Nimekaa humu kama mlinzi wa mlango. Mwambie Mama Kurwa aanze. Akianza nitasikia."

Mama Kurwa hakupika siku ile. Moto uliachwa uzimike. Alimwomba Doto amlete karibu na mkeka, na mchana ule, jua likiwa limesimama pale lilipoamriwa, aliichukua sahani ya binti yake, tupu, kavu, haijapakuliwa kitu, akaipangusa kwa pindo la khanga. Kisha akaifunika kifudifudi. Mlio wake ulikuwa mdogo, wa bati na mkeka.

"Kurwa," aliita. "Mwanangu. Walikuua."

Akalia. Alikuwa amesahau namna ya kulia, akaanza kwa kikohozi, kikohozi kikafungua njia, na kilio kikatoka cha mwanamke mwenye nguvu zake. Doto alilia naye, akamtaja dada yake kwa yote aliyoyakumbuka: aliyenitangulia, anayeniudhi, aliyeniachia, anayesoma kwa sauti, aliyeuliza swali. Hakuchagua njeo. Yalitoka kama yalivyotaka, la jana limekaa juu ya la leo, na hakuna lililomsukuma mwenzake.

Ng'ambo ya barabara kikombe kilifunikwa juu ya kisahani, na sauti ya Bi Kidawa ikaingia, kali na nyembamba, ya juu kuliko ya Mama Kurwa, ndefu kuliko yake. Haikufanana nayo hata kidogo. Nyumba ya tatu ikasikia. Kukawa na mlio wa bakuli, halafu wa sinia, halafu wa birika, na kila mlio ukafuatwa na mtu. Mmoja aliimba. Mmoja alitukana. Mzee mmoja alikuwa akipiga tu mlango wake kwa kiganja. Wengine walianza wakati wenzao wanamaliza. Ulikuwa ni mji mzima unaolia bila sare, na mafundi wa Baraza walitoka na nyundo zao wakasimama katikati ya barabara, wanatazama kushoto na kulia, hawajui waanze na nyumba ipi ikiwa kila moja ina kosa. Kengele ya Ukumbi ilipigwa ili jua lishuke. Jua lilishuka lilipotaka.

Baraza lilifanya nini baadaye ni habari ya hadithi nyingine, na si njema yote. Siku ile nyumba zilibaki zimesimama.

Doto aliamka alfajiri. Mama yake alikuwa amelala ubavu, pumzi inakwenda na kurudi bila kukwama, mkono mmoja nje ya shuka. Ndara za Kurwa hazikuwa mlangoni. Alizitafuta kwa macho, kisha akaacha kuzitafuta. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa ndiyo inamalizika, ile inayobaki mtu akishatoka chumbani. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla, na yeye aliogopa ukubwa wake.

Sahani ilikuwa mkekani, kifudifudi kama ilivyofunikwa. Alichuchumaa akaiinua.

Chini yake, pale ambapo ukingo wa upande wa Doto hugusa mkeka, palikuwa na tonge moja la ugali, limefinywa kwa vidole, limesukumwa kidogo kuelekea kwake.

Lilikuwa limepoa. Doto aliketi chini akalalamika kwamba limepoa, kisha akalila.